Mkebe Wenye Matundu

Al Wukair, Doha
Jumapili, 29 Juni 2025

Kawira mpenzi,

Natumaini ulifika salama na mizigo yako ilifika nawe. Ulisema ukiwa kwa mama yako hutaki simu za kila saa za "umeamka?" na "umekula?" Unataka barua, yenye tarehe juu na sahihi chini. Haya, nimenunua karatasi. Nitakuwa naandika, napiga picha, natuma kwa simu ya duka ya dada yako Terry, naye akufikishie. Terry, najua unasoma. Habari za biashara?

Acha nirudie tulivyokubaliana, ili baadaye mtu asikane. Ijumaa pale kanisani Mesaimeer, baada ya ibada, nilikuuliza kama utakubali tuoane. Hukusema ndiyo, hukusema hapana. Ulifungua mfuko ukatoa mkebe wa maziwa ya unga, ndani yake mmea, ukaniambia: "Hili ni waridi la jangwani. Nililitoa kwa mama kama kijiti. Nikirudi mwisho wa Agosti niletee likiwa hai, nami nitakuletea jibu." Halafu ukapanda basi lenu la kliniki ukaniacha nimekumbatia mkebe mbele ya kwaya nzima.

Sawa. Mimi ni mlinzi. Nalinda kampaundi ya nyumba arobaini, magari, bwawa la kuogelea na paka wa Madam wa nyumba ya saba. Nitashindwa na mkebe?

Ila huo mmea una sura ya ajabu, lazima niseme. Una tumbo kama la chifu aliyestaafu, na kichwani majani machache kama nywele za mtoto mchanga. Nimeuweka nje ya kibanda cha getini, na wenzangu wa zamu wamekwisha kuujadili. Unawakumbuka: Oloo wa Siaya hushika usiku, Tony wa Mbale hushika asubuhi, mimi jioni. Tony alipouona alisema, "Banange, huu ulikufa lini?" Oloo akamjibu, "Nyamaza, unatukana mama mkwe wa mtu." Basi tangu hapo jina lake hapa getini ni Mama Mkwe. Hata dereva wa lori la taka anamwamkia.

Kuhusu makao yake nimekuandalia jambo zuri. Sisemi. Utaona ukirudi.

Wako mlinzi,
Wesley Mutai


Tharaka
6 Julai 2025

Mutai,

Terry ameniletea barua yako akaapa hakuisoma. Kisha akaniuliza, "Na huyo chifu aliyestaafu ni nani?"

Nimefika salama. Huku kumekauka. Migunga imepukutisha majani, imebaki miiba na subira. Mtama uliosalia shambani umekunja majani yake kama watu waliokunja mikono kifuani, ili jua lisipate pa kushika. Mbuzi wanatutazama kama sisi ndio tuliofunga mvua.

Sasa sikiliza habari ya mmea. Hilo tumbo unalolicheka ni tangi. Watu huweka tangi la maji nje ya nyumba. Mmea huu umelimeza lake. Mvua ikinyesha unakunywa, unajaza, kisha unafunga mdomo na kukaa. Majani ni machache kwa sababu kila jani ni mlango wa maji kutoka, na mwenye milango mingi ana wezi wengi. Ukiligusa gamba utahisi linateleza kidogo. Ni nta, koti lake la kuzuia jua. Mambo yakizidi kuwa magumu hata hayo majani machache unayaangusha, ubaki tumbo tupu, unangoja. Hauna haraka hata kidogo.

Kwa hivyo sheria ni moja: usiuhurumie. Maji mara moja kwa wiki, udongo ukiwa umekauka kabisa, yapite yatoke chini. Ukiuona umenyamaza, nyamaza nao.

Nakuambia hivi kwa sababu nakujua. Nilipokuambia nina mafua ulileta sufuria ya wali na kuku mpaka mlango wa kliniki. Kesho yake ukaleta nyingine. Keshokutwa nimepona, nimerudi wodini, naitwa mapokezi, nakuta sufuria ya tatu na wewe ukiwa umevaa yunifomu. Wauguzi wenzangu bado wananiita Hoteli.

Hayo makao mazuri uliyoyaandaa, nadhani umeupeleka juani. Vizuri sana. Jua unalipenda.

Mama anakusalimu sana.

Kawira

N.B. Shemeji, mimi sisomi barua za watu, napiga picha tu. Lakini mama hakusalimu. – Terry


Al Wukair
9 Julai 2025

Kawira mpenzi,

Terry anamaanisha nini kusema mama hakusalimu? Hakusalimu kwa kusahau, au hakusalimu kwa kukusudia? Nijibu hilo kwanza.

Mmea uko sawa kabisa. Unanawiri. Majani mawili yamegeuka manjano, rangi ya kupendeza. Nadhani unabadilisha nguo. Maji napima kama ulivyosema, mara moja kwa wiki. Na kikombe kimoja katikati, cha kusalimia tu.

Ni vigumu, Kawira. Huwezi kuelewa kwa sababu hukuzaliwa Kericho. Kwetu mvua hunyesha saa nane mchana kama mtu aliyeajiriwa. Mgeni akifika haulizwi kama ana kiu. Anawekewa chai mkononi, na kikombe kikipungua kinajazwa. Mama yangu alitufundisha kuwa kikombe kilichokauka mbele ya mgeni ni matusi. Sasa mimi nakaa kwenye kibanda chenye kiyoyozi, nina katoni ya maji baridi miguuni, na mbele yangu dirishani Mama Mkwe amesimama kwenye joto linaloyeyusha ndala. Ananitazama. Nahisi ananitazama.

Kando ya geti kuna mkunazi mkubwa ambao hakuna anayeumwagilia. Mtunza bustani amenieleza kuwa mizizi yake inashuka chini sana kutafuta maji yaliyojificha, na kwamba mti wenyewe ulikuwapo hapo kabla ya kampaundi. Basi nikajiuliza, kila kitu cha nchi kavu kina ujanja wake? Huu unachimba, ule wa mama yako unaweka akiba, mtama unakunja mikono. Na mimi wa Kericho ujanja wangu ni upi? Kumimina tu.

Nijibu kuhusu mama.

Wako,
Wesley


Al Wukair
14 Julai 2025

Kawira,

Sijapata jibu. Labda mtandao.

Majani matano yameanguka. Ulisema huyaangusha wenyewe, kwa hivyo sina wasiwasi. Nimekuandikia tu kukujulisha kuwa sina wasiwasi.

Wesley


Al Wukair
Jumamosi, 19 Julai 2025

Kawira,

Nina wasiwasi.

Nitakuambia yote kwa mpangilio. Jana Ijumaa mimi na Oloo tulikwenda ibada Mesaimeer. Watu wa kwaya waliniuliza, "Mkebe unaendeleaje?" Nikawajibu vizuri, ingawa moyoni nilijua limebaki jani moja tu kichwani. Tuliporudi getini tulimkuta Tony amechuchumaa karibu na mmea, na chupa mkononi.

"Tony! Unafanya nini?"

"Namnywesha Mama Mkwe, sebo. Maji yaliyobaki kwenye chupa nitayamwaga wapi? Kumwaga maji jangwani ni dhambi."

Oloo akasema polepole, "Lakini mimi nimemnywesha leo alfajiri kabla sijatoka."

"Wewe? Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ya kwanza. Niliona Mutai anamnyima. Nikasema, omera, huyu jamaa atakosa mke kwa uchoyo."

"Hata mimi niliona hivyo!" Tony akasema. "Nikaona nisimwambie, nisimwaibishe."

Tukatazamana watu watatu wazima wenye beji. Halafu wakaanza kugombana nani ndiye aliyemwagia zaidi, kila mmoja akijisifu, mpaka nilipolishika lile tumbo. Kawira, lilibonyea. Kama parachichi lililosahaulika kabatini.

Sasa lile jambo zuri nililokuandalia. Ule mkebe ulikuwa na kutu, na chini umetobolewa kwa msumari, maji yote yanapotea. Nikaona si heshima mmea wa mama yako kukaa hivyo. Siku uliyosafiri nilinunua chungu cha kauri, cha buluu chenye maua ya dhahabu, kizito, kizima, hakina hata ufa. Nikamhamishia humo. Jana tulipokiinamisha, maji yalitoka juu kama tunamimina supu, na harufu ikamfanya paka wa nyumba ya saba aondoke.

Kwa hivyo ukweli ni huo. Tulimpenda watu watatu, kwenye chungu kisicho na pa kutolea. Sijui la kufanya. Niambie la kufanya.

Wesley


Al Wukair
27 Julai 2025

Kawira,

Hujajibu barua tatu. Jani la mwisho limeanguka leo.

Tony anasema twende soko la mimea tununue mwingine unaofanana, wenye maua kabisa, na kwamba hutajua. Nimemwambia mama yako alikikata kijiti hicho kwa mkono wake, na mimi siwezi kukaa nyumba moja na mmea wa uongo maisha yangu yote. Oloo akasema, "Wacha haraka, hiyo nyumba yenyewe hujapewa."

Kama jibu ni hapana, liseme tu. Nitaelewa. Nitasikitika sana lakini nitaelewa. Ukimya ndio siuwezi.

Wesley


Tharaka
31 Julai 2025

Mutai,

Terry alikwenda Nairobi kununua bidhaa, akakaa huko kwa shangazi, na simu ya duka alikuwa nayo. Alirudi jana. Barua zako nne nimezipata kwa mpigo, kama mvua ya Kericho.

Kwanza mmea, kwa sababu hauwezi kungoja. Fanya hivi. Vaa glavu, utomvu wake ni sumu, babu zetu walipaka mishale, usije ukajifuta macho. Ung'oe wote. Osha mizizi. Chukua kisu kikali ukisafishe kwa spiriti, ukate sehemu yote iliyooza, ukate mpaka ufike kwenye nyama nyeupe ngumu. Usiogope ukibaki mdogo. Kisha uutundike kivulini penye hewa, bila udongo, bila chungu, bila tone la maji, mpaka kidonda kikauke na kuwa kigumu kama ganda. Itachukua wiki mbili au zaidi. Usiuguse. Ukishakauka, urudishe kwenye mkebe wa mama wenye matundu, kwenye mchanga mkavu.

Najua unavyojisikia ukisoma hayo. Kwako hiyo ni kumvua mgonjwa nguo na kumtundika msumarini. Lakini tangi lake bado lina maji ya kutosha, kama tumewahi. Kazi yako sasa ni kutofanya kitu. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na ndiyo nakuomba.

Sasa mama. Nisikudanganye, hata kama Terry asingesafiri, sijui kama ningeandika mapema. Usiku wa kwanza mama aliniuliza huyo mtu anatoka wapi. Nikamwambia Kericho. Akauliza, "Kule kwa wenye mvua?" Akageuza mahindi motoni, akasema: "Mtu asiyejua kiu hajui kuweka. Atakuzamisha kwa kukupa, na mwaka wa ukame atalia kabla ya mbuzi." Hakusalimu. Terry alisema kweli, nami ndiye niliyesema uongo, kwa kuwa sikutaka uumie ukiwa zamu.

Nimekuwa nikilifikiria neno lake kila siku. Zile sufuria tatu za wali zilinichekesha, Mutai, lakini ile ya tatu ilinichosha pia. Ningekuambia. Sikuambii mambo, mimi, naweka. Hiyo ni tabia ya huku, na ina ubaya wake.

Umeandika kuwa ukimya ndio huuwezi. Basi jifunze kitu kimoja cha kwetu. Mti ukikosa majani hatuuendei na shoka. Tunakwaruza gamba kwa ukucha kwanza. Chini yake kukiwa kijani, tunauacha. Mimi nikinyamaza sijaondoka.

Kawira

N.B. Shemeji, pole. Nairobi kulikuwa na bei nzuri. – Terry


Al Wukair
8 Agosti 2025

Kawira,

Upasuaji umefanyika. Tulifanyia nyuma ya kibanda, juu ya katoni. Oloo alishika tumbo, mimi nilishika kisu, Tony alisimama kichwani akiomba kwa sauti mpaka Madam wa nyumba ya saba akafungua dirisha. Nilikata, kikatoka cheusi. Nikakata tena, kahawia. Oloo akasema, "Bwana, utamaliza mgonjwa." Nikakumbuka ulisema nisiogope ukibaki mdogo. Nikakata mara ya tatu, kikatoka cheupe, kigumu, safi kama kiazi. Tukapiga makofi.

Umebaki kama ngumi ya mtoto. Nimeufunga uzi nikautundika kwenye stoo ya vifaa, karibu na mlango, mahali penye hewa.

Jumanne mudir, meneja wetu, alikuja kukagua. Akafungua stoo, akasimama.

"Hii nini?"

"Ni mgonjwa, sir."

"Mgonjwa?"

"Ni mama mkwe wake, sir," Tony akasema, akininyooshea kidole.

Mudir aliutazama ule mmea uliotundikwa kwa uzi. Akanitazama mimi kwa muda. Kisha akasema nisikose kunywa maji, joto la mwezi huu ni baya, na kama kichwa kinaniuma niseme. Akafunga mlango polepole sana.

Kuhusu wali. Asante kwa kuniambia. Nilikaa na hilo jambo zamu nzima. Nilidhani unafurahi, kwa sababu kila mara ulisema asante. Nilipomhadithia Oloo aliuliza, "Na wewe ulimuuliza kama ana njaa?" Nikamwambia kwetu haiulizwi. Akasema, "Ndiyo maana nauliza." Kawira, ukishiba, niambie umeshiba. Sitalia. Au nitalia kidogo, kisha nitanyamaza.

Kutofanya kitu kumenishinda siku ya kwanza na ya pili. Nilikuwa nafungua stoo kila baada ya kuandikisha gari. Sasa nimempa Oloo ufunguo. Maji ya chupa yanayobaki, sote watatu, tunayapeleka kwenye mkunazi. Nao hauyahitaji, mtunza bustani ametucheka, lakini angalau pale chini kuna pa kupitia.

Hii ni barua moja tu kwa wiki hii. Nimehesabu kuwa hiyo inatosha.

Wesley


Tharaka
15 Agosti 2025

Mutai,

Terry alisoma barua yako kwa sauti jikoni (sasa amekubali kuwa anasoma). Alipofika kwa mudir, mama aliacha kupepeta mtama. Akasema, "Rudia hapo." Terry akarudia. Mama akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi sijamwona akicheka hivyo tangu mbuzi wa jirani aliponaswa kichwa kwenye sufuria.

Halafu akauliza, "Na hajaumwagia maji mpaka leo?"

Nikamwambia hajaumwagia.

"Amempa mwenzake ufunguo?"

"Ndiyo."

Akarudi kwenye mtama wake. Usiku alikwenda nyuma ya nyumba kwenye mmea mkubwa aliokatia kile kijiti. Nilimwona akiupapasa tumbo kwa kiganja, kama mtu anayeuliza habari.

Nami nimejifunza kusema. Sikiliza: barua moja kwa wiki ni kidogo kuliko ninavyotaka. Nimeshangaa mwenyewe. Andika mbili.

Nitatua Doha Ijumaa tarehe 29. Nitashukia kwetu Abu Hamour, zamu yangu inaanza kesho yake usiku.

Kawira


Al Wukair
Alhamisi, 28 Agosti 2025

Kawira,

Unatua kesho, na mimi nimepangwa zamu mbili mfululizo kwa sababu mlinzi wa geti la pili amekwenda likizo. Nimeomba nibadilishiwe, mudir akasema nipumzike siku nyingine, bado ananionea huruma. Kwa hivyo Oloo atakuletea Mama Mkwe. Barua hii nimemkabidhi mkononi.

Kidonda kilikauka kikawa kama ganda la nazi. Nikaurudisha kwenye mkebe, kwenye mchanga mkavu. Tangu hapo nimeupa maji mara moja, kidogo, nikayaona kwa macho yangu yakitoka chini kwenye yale matundu aliyotoboa mama yako kwa msumari. Nilikuwa nikiyaona ni hasara. Sasa nilipoyaona yanadondoka nilitaka kumpigia makofi.

Lakini sitakuficha kitu. Hakuna jani. Hakuna hata dalili ya jani. Ni kijiti kifupi chenye tumbo dogo na kovu. Nilikuahidi niulete ukiwa hai, na sijui kama uko hai. Najua ningeweza kujua. Ulinifundisha, ukucha mmoja tu. Kila siku nimesimama mbele yake nimenyoosha kidole gumba, nikakirudisha. Naogopa. Basi nakuachia wewe ukwaruze. Ukikuta kahawia, najua makubaliano yetu, na sitakuletea sufuria kukubembeleza.

Kile chungu cha buluu nakutumia pia. Kifanye cha miavuli, au kitupe. Mimi sitaki kukiona getini.

Karibu tena Doha. Unywe maji ukiwa na kiu.

Wesley


Abu Hamour
Jumamosi, 30 Agosti 2025

Mutai,

Oloo alifika jana jioni amevaa shati la ibada. Aliuweka mkebe mezani kwa mikono miwili kama askari anayekabidhi bendera. Nikamkaribisha chai, akakataa. "Kwaruza kwanza," akasema. "Huko getini watu hawajala."

Nikakwaruza, kando ya kovu, mahali padogo. Oloo alifumba macho.

Kijani, Mutai. Kijani kama kunde mbichi. Na nilipoinama karibu nikaona juu kabisa, palipo na mkunjo, kuna kichipukizi kidogo kuliko punje ya wimbi. Wewe hukukiona kwa sababu ulikuwa unatafuta jani. Oloo alipiga ukelele, akampigia Tony simu, na nilisikia kelele za Tony kutoka huko kwenu bila kuhitaji simu. Kisha akanywa vikombe vinne vya chai. Nilimuuliza kabla ya kila kimoja.

Leo asubuhi nimekwenda na chungu chako cha buluu kwa fundi mmoja hapa mtaani kwetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nikamwambia atoboe chini, matundu manne. Alikigeuza huku na huku, akaniambia, "Sister, chungu kizuri hivi! Kitapasuka." Nikamwambia atumie keekee polepole, huku akikidondoshea maji. Alitoboa akiwa amekunja uso, nami nimeshika pumzi kila tundu.

Hakikupasuka. Ni kizuri kuliko mkebe, na mimi sikupenda ulivyosema kitupwe. Chungu hakikuwa na kosa. Kilikosa tu pa kutolea.

Asubuhi ya kuondoka mama alinisindikiza mpaka barabarani, mbele ya duka la Terry. Gari lilipokaribia akasema, "Yule mwenye mikono mingi, mwambie nimemsalimu. Na aje aone ukame wetu, tutampa kazi ya kukaa." Safari hii ni kweli. Nilijua hutaniamini, kwa hivyo Terry ameandika shahada kwenye karatasi ya duka, nimeibandika hapa chini.

Jibu langu ni ndiyo. Nililijua tangu Mesaimeer, ila kwetu tunaweka.

Ijumaa ijayo niko huru mchana, na Oloo ameniambia nawe uko huru. Njoo tuuhamishe mmea kwenye chungu chake. Lete mchanga mkavu na hao wenzako wawili. Nitapika mimi.

Usije na maji.

Kawira

"Mimi Terry nathibitisha kuwa mama amesalimu, kwa mdomo wake, mbele yangu. Na barua zenu nimezisoma zote."